Shingo Hufungwa kwa Mkono

Nilimpelekea tovuti ikiwa tayari, Alhamisi, saa nne asubuhi,
kompyuta kwapani, kichwa kimenivimba.
Dakika kumi na moja ndizo ilizonichukua,
na nane kati ya hizo nilikuwa nangoja mtandao ukae sawa.

Chumba chake kiko nyuma ya duka la mbegu, Kiborloni,
nyuzi zimelundikwa hadi darini:
damu ya mzee, kijani cha chupa, buluu ya sekondari.
Mji mzima humwita Mama Masweta.
Jina lake, Aikaruwa, liko kwenye leseni tu
na kwenye bahasha za kanisani.

Akavaa miwani. Akasoma kwa kidole.
"Tunajivunia kukupatia suluhisho bora la mavazi
kwa ubunifu unaogusa maisha."
Akaniangalia.
"Suluhisho? Kwani sweta ni hesabu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Akateremka kwenye picha:
mwanamke anatabasamu, meno yamepangwa kama punje za hindi bichi,
nyuma yake Kibo, theluji imeshuka mpaka migombani,
na mkononi, Mungu wangu, vidole sita.
"Huyu," akasema, "angenifaa mwezi wa kwanza, shule zikifunguliwa."

Kisha akafika pale.
Mstari ambao mimi sikuuandika, wala sikuusoma,
akili mnemba iliutunga tu ili nafasi isikae wazi:
"Biashara ya familia. Vizazi vitatu vya wafumaji,
mama, binti na mjukuu."

Kule nje mtu alikuwa anabishania bei ya mbegu za karoti.
Ndani, kimya.
"Binti," akasema. Halikuwa swali.
Nilijua. Nani Kiborloni hajui?
Nami nimeketi kwenye kiti chake, nimemletea, kwa laki mbili,
mjukuu asiyekuwako.

"Samahani, nafuta sasa hivi. Ni ile mashine..."
"Mashine haina kosa. Haijui.
Wewe unajua."

Akainuka, akaiendea ya kwake, ya chuma,
akavuta kigari kushoto, akavuta kulia,
sindano zikainama safu nzima, zikainuka.
"Unaona? Mgongo inafuma yenyewe. Mikono pia.
Sijawahi kuionea haya.
Lakini shingo naifunga kwa mkono,
maana shingoni ndipo kichwa cha mtoto kinapopita,
na mimi nawajua: yule wa Njoro mwenye kichwa kikubwa,
yule anayetafuna kola mpaka Ijumaa imekuwa kamba."

Nikarudi mezani kwangu.
Ile akili niliiachia mgongo:
mpangilio, vitufe, ramani ya kufika dukani,
ukurasa ufunguke upesi
hata kwenye simu ya mzazi yenye kioo kilichopasuka.
Buluu yake niliikataa.
Nilibandika kipande cha uzi kwenye skrini
nikaitafuta damu ya mzee hadi macho yakauma.
Picha nilipiga mwenyewe: mikono miwili juu ya sweta,
vidole kumi, kimoja kina plasta.
Na juu kabisa nikaandika kama alivyotamka:
"Likifumuka kabla mtoto hajavuka darasa, lirudishe.
Silipwi mara mbili."

Na ule mstari wa vizazi vitatu?
Siku ile ile nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye kitufe
akanishika mkono.
"Futa," akasema. "Ila si sasa.
Niachie mpaka jioni, niusome tena."

Nilirudi saa kumi na mbili.
Kompyuta ilikuwa imejizima yenyewe kwa kuishiwa chaji.
Yeye alikuwa dirishani, kwenye mwanga uliobaki,
anafunga shingo ya sweta dogo,
la chekechea.